Shahidi Dhidi ya Nyumba Yangu

Barua ilikuja Machi, theluji ya Duluth ikiwa bado magotini,
bahasha nyembamba yenye kidirisha cha plastiki,
na ndani yake nyumba yangu imegeuzwa tarakimu:
dola laki mbili, elfu themanini na tatu.
Mwaka jana ilikuwa laki mbili na kumi.
Sikuongeza hata msumari.

"Vyumba vya kuogea: viwili," wameandika.
Nikacheka peke yangu, chai ikanipalia.
Cha pili ni choo kilichoko chini ya ardhi,
hakina mlango, hakina hata pazia.
Reino alikiweka ili asipite jikoni kwangu
na vumbi jekundu la chuma, vumbi la gatini.

Nyumba njema si mlango,
lakini mkadiriaji alipita na gari,
akapunguza mwendo, hakuzima injini.
Aliona rangi ya manjano, aliona baraza,
kitanda asichokilalia akahesabu mito yake.

Basi nikaanza kazi nisiyoiwaza kamwe:
kukusanya aibu za nyumba niipendayo.
Nikapiga picha ufa wa msingi, sarafu kando yake
ili wauone upana.
Nikapiga picha ukungu nyuma ya mitungi ya matunda.
Nikamwita fundi, Lyle Brekke, aandike gharama ya paa;
akapanda, akashuka, akauliza,
"Unataka niwe mkali?"
"Kuwa mkweli," nikamwambia. "Utatosha."

Usiku nilizipanga karatasi mezani kama karata.
Mbao zikalia kwa baridi, kama zifanyavyo.
Nikaandika polepole,
kama mtu anayesengenya
na msengenywa yuko chumba cha pili.

Aprili nikakalia baraza jingine, la rufaa:
watu watatu, jagi la maji, dakika kumi kila mmoja.
Aliyenitangulia alifoka juu ya serikali na wizi;
walimsikiliza kama mvua inayonyesha kwa jirani.
"Bi. Hautala," akaita mwenyekiti,
akiliponda jina langu kidogo tu.

Nikasema: paa linavuja.
Nikasema: theluji ikiyeyuka maji huingia chini,
naweka ndoo nne, ya nne ni ya bluu.
Nikasema: nyumba ya Pelkonen, pacha wa yangu,
imeuzwa Oktoba kwa laki mbili kasoro, hati hii hapa.
Nikasema: madirisha ya upande wa ziwa
yaliwekwa na mtu asiyejua kuweka madirisha.

Hapo nikanyamaza.
Mtu huyo alikuwa Reino, mwaka tuliooana,
pimamaji ya kuazima mkononi,
akiniuliza mimi niliye chini uani
kama yamenyooka,
nami nikimjibu, yamenyooka.

Mkadiriaji, Bwana Dorsett, ni kijana kumbe,
shingo imemwiva kwa wembe wa asubuhi.
"Lakini mandhari, mama?
Kutoka madirisha hayo, si unaliona ziwa lote?"
"Naliona," nikasema.
Wangenipa dakika kumi nyingine nisingeongeza neno.
Kuna vitu mtu hawezi kuapa kwamba havina thamani.

Wakapunguza: laki mbili, elfu thelathini na moja.
Si yote niliyoomba.
Choo kimefutwa. Ufa umekubaliwa.
Ziwa limebaki kwenye hesabu; nitalilipia.

Nikarudi kwa miguu, barabara zikichuruzika.
Nikaufungua mlango kwa bega, unavyotaka wenyewe,
nikasimama ukumbini na koti langu mwilini
nikitafuta la kuiambia.
Yale niliyoyasema kule, nikaanza.
Niliyasema ili tusitenganishwe.

Haikujibu. Chini, maji yalikuwa yameshaanza kudondoka.
Nikavua koti,
nikaenda kuichukua ndoo ya bluu.